Laini Ilicheza Vipi Jana? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuipima Laini ya Ushambuliaji Katika Futiboli ya Vyuo

Msimu wa futiboli ya Kimarekani ukianza, simu yangu haitulii Jumapili asubuhi. Hapa Columbus, Ohio, wasemaji wa Kiswahili tuko wengi: wa Kongo, wa Kenya, wa Tanzania, na Wabantu wa Somalia. Wengi wetu tumeupenda mchezo huu kupitia watoto waliokulia hapa. Maswali ni yaleyale kila wiki. Laini ilicheza vipi jana? Nani alaumiwe kwa zile seki, mrushaji pasi anapoangushwa na mpira mkononi? Mwanangu anacheza gadi, mbona hakuna anayemtaja? Nimeyakusanya na kuyajibu moja baada ya jingine. Mifano mingi nimeitoa kwenye msimu wa 2024 wa Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa Columbus, kwa sababu laini ile ilidharauliwa Novemba na Januari ikawa laini ya mabingwa wa taifa.

## Mambo ya msingi

Laini ya ushambuliaji ni akina nani?

Ni wachezaji watano wanaojipanga mbele ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Katikati yuko senta, ambaye huupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma; kitendo hicho ndicho snapu, na ndicho kinachoanzisha kila jaribio. Kushoto na kulia kwa senta wako magadi wawili, na nje yao matakoli wawili. Jezi zao hubeba namba kati ya 50 na 79, na kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi. Wana kazi mbili: kumlinda kwotabeki anaporusha, na kumfungulia njia mkimbiaji anapopewa mpira.

Takoli wa kushoto ndiye husifiwa zaidi, kwa kuwa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia huupa mgongo upande huo. Sifa hiyo anaistahili. Ila mimi macho yangu huanzia kwa senta, kwa sababu yeye ndiye anayeusoma ulinzi na kuwaambia wenzake nani amshike nani. Senta akisoma vibaya, wanne waliobaki wataonekana wabovu hata kama miguu na mikono yao iko sawa.

Timu imeshinda. Si ina maana laini ilicheza vizuri?

La. Tarehe 26 Oktoba 2024 Ohio State iliifunga Nebraska 21–17. Ukiangalia ubao wa matokeo utalala usingizi mnono. Ukiangalia mbio zake utakuta yadi 64 kwa mara 31, yaani yadi mbili na kidogo kila mkimbiaji aliposhika mpira. Laini ilikuwa inachechemea, na sababu yake nimeieleza kwenye swali la majeruhi huko chini.

Na kinyume chake hutokea pia. Laini inaweza kucheza mechi safi kabisa na timu ikafungwa kwa sababu kwotabeki aliwarushia wapinzani mpira mara tatu, au mpokeaji aliuangusha mkononi.

Nianze na takwimu au nianze na marudio ya video?

Anza na video, takwimu zifuate. Ukianza na takwimu, macho yako yatakwenda kutafuta ushahidi wa kile ulichokwisha kuamini. Mtu akisoma kwanza kwamba kulikuwa na seki tano, atatazama mechi nzima akiwinda wakosaji watano, na katika tano hizo mbili huenda si za laini kabisa.

Kama una muda mfupi, tazama msafara wa kwanza wa mashambulizi (majaribio yanayofuatana timu ikiwa na mpira), msafara mmoja wa robo ya tatu, na wa mwisho. Wa kwanza hukuonyesha mpango waliofanyia mazoezi wiki nzima. Wa robo ya tatu hukuonyesha kama walijirekebisha wakati wa mapumziko. Wa mwisho hukuonyesha nani bado ana miguu.

## Kutazama marudio

Nitazame wapi? Kila nikijaribu, jicho langu linafuata mpira.

La kila mtu linaufuata. Dawa yake ni kurudia kila jaribio mara tatu. Mara ya kwanza ufuate mpira, uimalize hamu. Mara ya pili tazama watatu wa kati: senta na magadi. Mara ya tatu tazama matakoli.

Tazama miguu kabla ya kitu kingine. Hatua ya kwanza baada ya snapu hukuambia karibu kila kitu: imekwenda upande gani, ni fupi au ndefu, na mchezaji amebaki ameinama magoti au amesimama wima. Aliyesimama wima ameshapoteza nusu ya nguvu zake. Baada ya miguu njoo kwenye mikono. Mikono mizuri hutua kifuani mwa mpinzani, ndani ya mabega. Ikitua nje, mwamuzi ataitupa bendera ya adhabu wakati wowote.

Wakati wa kumlinda kwotabeki, nitajuaje kama mchezaji wa laini ameshinda au ameshindwa?

Hesabu muda. Pasi nyingi huondoka mkononi mwa kwotabeki kama sekunde mbili na nusu baada ya snapu. Mlinzi wa upinzani akiwa bado yuko mbele ya mtu wake wakati huo, kazi imefanyika, hata kama mtu wetu amesukumwa nyuma hatua mbili na sura yake haipendezi. Ulinzi wa pasi si mashindano ya urembo. Takoli anayemzungusha mpinzani kwa nje mpaka akapita nyuma ya kwotabeki ameshinda, ingawa kwenye televisheni inaonekana kama ameachwa.

Ninapoandika, natumia alama tatu tu: ameshinda, ameshindwa ila haikugharimu, ameshindwa na ikagharimu. Hiyo ya katikati ndiyo watu wengi huisahau. Mpinzani aliyempita gadi lakini pasi ikawa imeshaondoka haandikwi popote kwenye takwimu za kawaida, na wiki inayofuata, mbele ya timu yenye kasi zaidi, kosa hilohilo linakuwa seki.

Na kwenye mbio?

Tazama mstari wa kuanzia mpira. Baada ya sekunde moja na ushei, uzito wote umesogea upande gani? Laini ikiwa imewasukuma walinzi yadi moja au mbili nyuma, mkimbiaji atapata chake hata pasipo na pengo kubwa.

Kisha tazama ule msukumo wa wawili kwa mmoja. Gadi na takoli, au senta na gadi, humkamata mtu mmoja pamoja, halafu mmoja wao humwachia mwenzake na kupanda kumtafuta lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya kwanza. Akiachia mapema, yule mlinzi aliye mbele atampita mwenzake. Akichelewa, lainibeka atamkuta mkimbiaji mlangoni. Laini iliyozoeana huachia kwa wakati mmoja bila hata kutazamana, na ukiiona mara moja utaitafuta kila mechi.

Kuna pia gadi anayechomoka: haendi mbele, anageuka na kukimbia nyuma ya wenzake kwenda kufungua njia upande wa pili. Huyo mpime kwa mambo mawili. Alifika kabla ya mkimbiaji? Na alipofika alimgonga mtu, au alikimbia tu akampita?

Nina picha ya televisheni tu. Inatosha?

Inatosha kwa laini kuliko kwa nafasi nyingine yoyote, kwa sababu kamera ya televisheni hukaa karibu na mpira, na laini ipo pale pale. Kinachokosekana ni wapokeaji walio mbali. Hutajua kama kwotabeki alishikilia mpira kwa woga au kwa sababu hakuna aliyekuwa wazi. Kwa hiyo usimhukumu kwotabeki kwa uhakika ukitumia picha hiyo.

Kwa wazazi wa sekondari, shule nyingi hutumia Hudl, mtandao wa video za mechi, na mara nyingi huko kuna picha iliyopigwa kutoka nyuma ya goli. Ombeni hiyo. Ukiitazama laini kutoka nyuma unaona mapengo kama unavyoona meno ya kitana.

Makocha wenyewe huwapimaje?

Wengi hutumia jumlisha na toa kwa kila jaribio. Mchezaji aliyekuwa uwanjani kwa majaribio 65 anapata alama 65, kila moja ni nzuri au mbaya, na mwisho inatolewa asilimia. Kuanzia asilimia 80 hivi kwenda juu makocha wengi huiita mechi ya ushindi.

Kocha ana kitu ambacho wewe huna, nacho ni agizo la jaribio lile. Hupima kwanza kama kijana alikwenda kwa mtu aliyepangiwa, kisha ufundi wake, kisha kama aliendelea kupambana mpaka filimbi. Kwenda kwa mtu asiye wako ni kosa zito kuliko kushindwa na mtu wako. Kushindwa kwa nguvu hutibiwa polepole katika chumba cha mazoezi. Kutojua nani ni wako kunaweza kumuua kwotabeki jioni ileile.

## Lawama: nani alikosea?

Seki ni kosa la laini?

Mara nyingine. Seki ni pale kwotabeki anapoangushwa na mpira akiwa nyuma ya mstari kabla hajarusha. Kabla ya kumtaja mchezaji yeyote wa laini, hesabu sekunde. Kama kwotabeki amekaa na mpira zaidi ya sekunde tatu, anza kumuuliza yeye. Kama alitoka mwenyewe kwenye nafasi salama na kukimbilia upande ambao takoli alikuwa anamsukumia mpinzani, takoli huyo hana hatia. Hakuna jicho kisogoni mwake.

Hali ya mechi nayo ina neno. Tarehe 1 Januari 2025, kwenye Rose Bowl, mechi ya mtoano wa kutafuta bingwa wa vyuo, kwotabeki wa Oregon aliangushwa mara 8 na Ohio State. Laini ya Oregon ilizidiwa, sikatai. Lakini timu hiyo ilikuwa nyuma 34–0 kabla ya mapumziko. Timu iliyo nyuma kiasi hicho lazima irushe, na kila mtu uwanjani anajua itarusha. Walinzi hawana haja tena ya kuwaza mbio. Wanaweka masikio nyuma na kumfuata kwotabeki. Seki za namna hiyo ziandike, ila ziandike kando.

Mlinzi alipita katikati bila kuguswa na mtu. Huo si uzembe?

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kuandika haya, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mpwa wangu anacheza gadi wa kulia sekondari. Siku moja baada ya mechi alirudi nyumbani kimya, hata chakula hakugusa. Lainibeka alikuwa amepita bega lake la kulia, pengo tupu, akamwangusha kwotabeki wao, na watu jukwaani walikuwa wametaja namba yake kwa sauti. Tulikaa na video. Tuliirudisha mara nyingi, mimi na rimoti, yeye ameinamisha kichwa. Kwenye picha moja, kabla ya snapu, senta anaonekana akinyoosha kidole kushoto. Maana yake laini nzima italinda kuelekea kushoto, kila mmoja achukue pengo la kushoto kwake. Mpwa wangu akapiga hatua kushoto, safi, magoti yamekunjwa, kama alivyoagizwa. Pengo la kulia lilikuwa la mkimbiaji, ambaye kazi yake ilikuwa kubaki na kumsimamisha yeyote atakayekuja huko. Mkimbiaji alikuwa ameshatoka nje kusubiri pasi. Yule aliyetajwa kwa sauti ndiye aliyekuwa sahihi. Alikula ugali wake saa tano usiku.

Basi ukimwona mlinzi amepita bila kuguswa, usimtazame aliye karibu naye. Tazama laini nzima ilipiga hatua upande gani. Kama wote watano walikwenda upande mmoja, aliyepita upande wa pili alikuwa wa mkimbiaji, au wa taiti-endi, anayejipanga pembeni mwa takoli, au ni yule wa ziada ambaye kwotabeki mwenyewe alitakiwa kumshinda kwa kurusha haraka. Kama wanne walikwenda kushoto na mmoja kulia, hapo umempata.

Na wakati mwingine wameachiwa makusudi. Kwenye Cotton Bowl, tarehe 10 Januari 2025, Ohio State iliwaacha walinzi wa Texas wapande juu, kisha TreVeyon Henderson akapewa pasi fupi nyuma yao na kukimbia yadi 75 mpaka goli, na laini mbele yake. Ukiusimamisha mchezo ule sekunde ya kwanza, unaonekana kama maafa.

Walinzi wawili walipishana na mmoja akatokea wazi. Hilo ni la nani?

Hilo kwa kawaida ni la wawili: gadi na takoli wa upande ule. Mlinzi wa nje huingia ndani, wa ndani huzunguka nje, wakitumaini kwamba watu wetu watawafuata na kugongana wenyewe. Gadi na takoli wanatakiwa kukabidhiana, kila mmoja abaki kwenye njia yake. Nikiona wamegongana mabega, nawaandikia wote wawili. Ukiona linatokea mara moja, sawa. Likitokea mara tatu, wapinzani wameona udhaifu na mechi nzima wataukamua.

Adhabu zihesabiwe vipi?

Usizichanganye kapu moja. Kuanza mapema kunagharimu yadi 5. Kwenye uwanja wa wapinzani wenye kelele huenda likawa tatizo la mawasiliano, kwa sababu takoli hasikii chochote na anategemea kuuona mpira ukitikisika. Beaver Stadium ya Penn State huingiza watu zaidi ya 106,000; mule ndani hata aliye karibu nawe husikii. Kuanza mapema nyumbani, kimya kimejaa, ni kukosa umakini na hakuna cha kutetea.

Kushika kunagharimu yadi 10. Jiulize kwa nini alishika. Mara nyingi alikwisha shindwa hatua mbili nyuma na mikono ikafanya kile miguu ilichoshindwa. Ila kuna kushika kwa busara: takoli akiona kwotabeki ataumizwa kwa nyuma, yadi 10 ni bei ndogo. Kocha atamfokea hadharani na kumshukuru pembeni.

Snapu mbovu ni kosa dogo?

Hapana. Kwenye Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 2024, Alabama ilisumbuliwa na snapu mechi nzima, kwotabeki wake Jalen Milroe akaangushwa mara 6, na hata jaribio la mwisho la mechi, wakiwa yadi 3 kutoka goli, lilianza na snapu ya chini. Michigan ikashinda 27–20 katika muda wa ziada. Kwotabeki anayeinama kuokota mpira hawezi kuwatazama walinzi, na nusu sekunde inayopotea hapo ni ya laini nzima.

Senta yule, Seth McLaughlin, alitukanwa mno baada ya mechi ile. Akahamia Ohio State, na mwaka huohuo wa 2024 akashinda Rimington Trophy, tuzo ya senta bora wa futiboli ya vyuo. Nimeona vijana wakifutwa kwa jioni moja, na kila mara namkumbuka yeye.

## Namba

Kwa nini yadi za mbio za vyuo huonekana ndogo kupita kiasi?

Kwa sababu katika vyuo, yadi zinazopotea kwenye seki hutolewa kwenye mbio. Katika ligi ya kulipwa hutolewa kwenye pasi. Ndiyo maana Oregon, katika ile mechi niliyoitaja kwenye swali la seki, iliandikiwa mbio za hasi 23. Pasi zilikuwa yadi 299, jumla 276. Ukiisoma ile hasi 23 bila kujua kanuni hii, utadhani wakimbiaji wao walikuwa wanarudi nyuma jioni nzima.

Kabla ya kusema neno lolote kuhusu laini na mbio, zitoe seki. Chukua orodha ya waliobeba mpira, mwondoe kwotabeki aliyeangushwa, kisha ujumlishe upya wakimbiaji peke yao.

Wastani wa yadi kwa kila mbio unatosha?

Hautoshi, kwa sababu mbio moja ndefu inaficha uchafu mwingi. Kuna hesabu inayojaribu kumtenganisha mkimbiaji na laini yake. Yadi zinazopotea huhesabiwa kwa asilimia 120, yadi 0 hadi 4 kwa ukamilifu, yadi 5 hadi 10 kwa nusu, na za kuanzia 11 hazihesabiwi kabisa, kwa hoja kwamba huko mbele mkimbiaji yuko na vipaji vyake.

Chukua mbio nne: hasi 2, 3, 8 na 40. Wastani wa kawaida ni yadi 12.25, na shabiki atashangilia. Kwa hesabu ya laini, ya kwanza inakuwa hasi 2.4, ya pili 3, ya tatu 6, ya nne 7. Jumla 13.6, wastani 3.4. Hapo ndipo laini ilipo.

Ni namba gani nyingine za kutafuta?

Mbili. Ya kwanza ni mbio zilizokwama: ni mara ngapi mkimbiaji alisimamishwa kwenye mstari au nyuma yake. Ya pili ni kiwango cha mafanikio. Timu ina majaribio manne ya kupata yadi 10. Jaribio la kwanza limefanikiwa likipata nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote. Mbio ya yadi 2 ni ya kudharauliwa jaribio la kwanza, na ni ya dhahabu jaribio la tatu ikiwa imebaki yadi moja.

Alama za Pro Football Focus, kampuni inayowapima wachezaji, niziamini?

Zitumie, usiziabudu. Wachambuzi wao humpa kila mchezaji alama kati ya hasi 2 na jumlisha 2 kwa kila jaribio, kwa hatua za nusu, kisha hugeuzwa kuwa kipimo cha 0 hadi 100. Sifuri maana yake amefanya kilichotarajiwa. Kazi hiyo ni ya uangalifu, na ni nzuri kwa kulinganisha msimu mzima. Kwa mechi moja, wana upungufu uleule ulio nao wewe: hawakuwa kwenye kikao cha timu, hawajui agizo lilikuwa nini. Kesi ya mpwa wangu hapo juu ni ya aina ambayo mtu makini kabisa anaweza kuikosea.

## Hali zenye utata

Majeruhi yakipanga laini upya, nipime vipi?

Pima kwa wiki. Ohio State ilimpoteza takoli wake wa kushoto, Josh Simmons, kwa goti tarehe 12 Oktoba 2024 huko Eugene, nyumbani kwa Oregon. Mechi iliyofuata ndiyo ile ya Nebraska. Baada ya hapo makocha wakamhamisha Donovan Jackson, aliyekuwa gadi wa kushoto, akawa takoli, na mtihani wake wa kwanza ukawa Penn State ya Abdul Carter, mlinzi aliyechaguliwa wa 3 katika drafti ya 2025, ambapo timu za ligi ya kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo. Siku ile, wakiongoza 20–13, zikiwa zimebaki dakika tano na kidogo, walipata mpira karibu na goli lao wenyewe. Wakakimbia, wakakimbia tena, mbio tupu, mpaka saa ikaisha. Hiyo ndiyo mechi iliyonionyesha kwamba laini imeanza kuelewana.

Kisha Novemba senta McLaughlin akaumia kano ya kisigino, Carson Hinzman akaingia katikati. Mtu mmoja akiondoka, habadiliki mmoja tu. Gadi aliyezoea bega la fulani sasa ana bega jipya kila upande. Ndiyo maana nasema msipime watano, pimeni jozi: senta na gadi wa kushoto, gadi na takoli wa kulia.

Mbona laini ileile ilishindwa na Michigan?

Tarehe 30 Novemba 2024 Ohio State ilifungwa 13–10 nyumbani, mbio 26 kwa yadi 77. Katikati ya ulinzi wa Michigan walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, wote wawili wakachaguliwa raundi ya kwanza miezi michache baadaye. Mbele yao kulikuwa na watatu wa kati waliokuwa bado wanajifunza kucheza pamoja. Walizidiwa, na mimi niliwaandika hivyo.

Lakini siku ile niliandika pia jina la mpango. Ukiwa umeona mara kumi kwamba katikati hapapitiki, kuendelea kupeleka mpira katikati ni uamuzi wa benchi. Wiki tatu baadaye Tennessee ilifungwa 42–17, kisha Oregon 41–21, Texas 28–14, na Notre Dame 34–23 tarehe 20 Januari 2025. Watano walikuwa karibu walewale. Mipira ilianza kutoka mapema, na wapokeaji wakatumika kuwavuta walinzi mbali na katikati.

Kwotabeki anaporusha na laini inaonekana inakimbia mbele, ni kosa?

Huenda ni mpango wa kuamua papo hapo: laini inazuia kana kwamba ni mbio, na kwotabeki anaamua kumpa mkimbiaji au kurusha baada ya kumsoma mlinzi mmoja. Katika vyuo, laini inaruhusiwa kusogea mpaka yadi 3 mbele ya mstari kabla pasi haijarushwa. Katika ligi ya kulipwa ni yadi 1. Bendera ikitupwa hapo, mara nyingi kwotabeki ndiye aliyechelewa. Jaribio kama hilo usilipime kama ulinzi wa pasi. Lipime kama mbio.

Timu inayokimbia karibu kila jaribio nayo ipimwe vivyo hivyo?

Hapana. Mwaka 2024 Army, timu ya chuo cha jeshi, iliongoza daraja la juu la vyuo kwa yadi za mbio, na laini yake ikapata Joe Moore Award, tuzo inayotolewa tangu 2015 kwa laini nzima badala ya mtu mmoja. Timu kama hiyo humwacha mlinzi mmoja makusudi bila kuzuiwa, kwotabeki amsome. Kwao tazama hatua ya kwanza na pembe ya kuingilia, na ile sehemu ya ulinzi wa pasi huko juu isome kwa haraka.

Laini iliyoshinda tuzo hiyo ndiyo bora siku yoyote?

Washington ilishinda tuzo ya 2023. Tarehe 8 Januari 2024, huko Houston, ilikutana kwenye fainali na Michigan, iliyokuwa imeshinda tuzo hiyo 2021 na 2022. Michigan ikakimbia yadi 303 na kushinda 34–13. Tuzo ni ya msimu. Mechi ina laini mbili za ushambuliaji na mbili za ulinzi, na mpinzani wa siku ile hajali kombe lililo kabatini.

Kocha amempa mwanangu asilimia 70. Nimwambie nini?

Kwanza mama, baba, usimwambie kitu siku ileile. Muulize kesho yake makosa yalikuwa ya aina gani. Kama mengi ni ya kwenda kwa mtu asiye wake, akae na senta wao nusu saa kila jioni wakisoma mipango, na wiki mbili utaona tofauti. Kama ni ya miguu, mwambie amwombe kocha majaribio matano tu ya kurudia kutazama, si yote thelathini. Na kama anajua kukueleza kila kosa bila kutazama video, tulia. Huyo ameshaelewa kilichotokea, na kocha wake pengine anajua hivyo.